Kulaza Pikipiki: Ya Kurudi Barabarani na ya Kukaa Sebuleni

Februari ya mwaka juzi niliingiziwa kazi mbili katika wiki moja, na zilifanana kwa maneno tu. Kijana mmoja wa Umoja alikuwa amepata mkataba wa miaka miwili Qatar, akataka kuiacha pikipiki yake ya bodaboda kwenye stoo nyumbani kwa dada yake. Siku mbili baadaye akaja mama mmoja wa Buruburu na Honda CG125 ya marehemu mjomba wake, imefungwa kamba juu ya pikapu. Alitaka iwekwe sebuleni, karibu na dirisha, wageni waione. Wote wawili waliniambia maneno yale yale: "Fundi, nitayarishie ikae."

Neno hilo, ikae, limeharibu pikipiki nyingi hapa Nairobi, kwa sababu lina maana mbili na watu huchukua moja wakasahau nyingine. Pikipiki ya kijana ililazwa. Siku atakayoshuka uwanja wa ndege wa JKIA atataka kuipanda aende kutafuta riziki. Ya mjomba imestaafu, kazi yake sasa ni kutazamwa, na jambo la kwanza ni isioze wala isije ikaunguza nyumba ya watu. Mengi utakayofanya yanafaa kwa zote mbili, ila yapo machache ambayo ukiyachanganya utajuta. Kwa hiyo kabla hujashika spana, jiulize: hii itaamka, au haitaamka?

Yule kijana alikuwa na mpango wake tayari. "Fundi, shemeji atakuwa anaiwasha kila Jumapili dakika tano. Si itatosha?"

Nikamwambia hapana, na ningependa kila mwenye pikipiki aelewe sababu, maana ushauri huu unatolewa na watu wenye nia njema kabisa. Petroli imeundwa kwa haidrojeni na kaboni. Ikiungua, haidrojeni yake inashikana na oksijeni ya hewani na kuwa maji. Si maji kidogo: lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayofika karibu lita moja. Safarini huyaoni kwa sababu yanatoka na moshi yakiwa mvuke. Lakini asubuhi ya Julai, jiji likiwa limefunikwa na mawingu na baridi, tazama bomba la ekzosi la pikipiki iliyowashwa sasa hivi. Linatema matone.

Injini ikiwashwa dakika tano halafu ikazimwa, chuma chake hakijapata moto wa kutosha. Mvuke unagusa kuta baridi za silinda na ekzosi, unageuka maji, unabaki humo humo. Mengine yanapenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Ukiendesha nusu saa barabarani, oili inapata joto, maji yanageuka tena mvuke na kutoka kupitia kipumulio cha injini. Kwa dakika tano za Jumapili hayatoki. Jumapili inayofuata yanaongezwa mengine.

Niliwahi kufungua injini ya mteja aliyefuata ushauri huo mwaka mzima bila kukosa hata wiki. Nilipolegeza nati ya chini ili nimwage oili, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kizito, chenye povu. Ekzosi kwa nje ilikuwa inametameta. Niliigonga kwa mpini wa bisibisi, ikatoa sauti butu, na unga wa kutu ukamwagika sakafuni. Alikuwa ameitunza kwa bidii, na bidii hiyo ndiyo iliyoila. Kama huwezi kuitoa ikazunguka nusu saa, iache ilale.

Tuje kwenye petroli, ambayo ndiyo inayonipa kazi nyingi zaidi. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi, vingine vizito. Vyepesi, vile vinavyosaidia injini kuwaka ikiwa baridi, ndivyo vinavyotangulia kuyeyukia hewani. Vinavyobaki vinashikana polepole na oksijeni na kuacha utomvu. Pua inatosha kukuambia: petroli mpya ina ukali unaopanda hadi kichwani, iliyochacha inanuka kama vanishi ya fundi seremala.

Utomvu huo hauanzii kwenye tangi, unaanzia kwenye bakuli la kabureta, kwa kuwa petroli iliyomo humo ni kidogo na inapumua hewa wakati wote. Humo ndani kuna jeti ya mwendo wa taratibu, kipande kidogo cha shaba, na tundu lake halifiki nusu milimita. Ukiinua jeti safi kuelekea kwenye mwanga unaona nukta nyeupe. Ukiinua iliyolala na petroli miezi minane huoni kitu. Tundu limezibwa na kitu cha rangi ya asali iliyokauka. Pikipiki hiyo itapigwa kiki mpaka mguu uchoke. Mwenyewe ataambiwa na fundi mwenye haraka kwamba injini imekufa, kumbe kilichokufa ni tundu moja.

Kuzuia hayo ni kazi ya dakika kumi. Chini ya bakuli la kabureta kuna skurubu ya kumwagia. Funga koki ya petroli, weka chupa chini, ilegeze, acha itoke hadi tone la mwisho, kisha kaza. Wengine hufunga koki na kuacha injini iungurume hadi ijizime. Hiyo inasaidia, lakini petroli kidogo hubaki chini ya bakuli, kwa hiyo mimi humalizia kwa skurubu.

Kwenye tangi ndipo mafundi hubishana, na pande zote mbili zina ukweli. Kama pikipiki inalala miezi miwili au mitatu, jaza tangi hadi juu. Pasipo na nafasi ya hewa hapana unyevu wa kuota kutu kwenye chuma. Kama ni miaka miwili, petroli itachacha hata ungeijaza pomoni, kwa hiyo imwage yote. Kisha mimina oili safi ya injini, kama nusu kikombe, zungusha tangi huku na huku mpaka kuta zote za ndani zilowe, na umwage inayozidi. Tangi la chuma lililoachwa tupu bila oili huota kutu kwa ndani, na kutu hiyo hushuka hadi kwenye kabureta siku ya kwanza ya safari. Pikipiki mpya zenye injekta badala ya kabureta zina pampu ndani ya tangi, na pampu haipendi kukaa kavu kwa muda mrefu. Hizo zijazwe petroli mpya yenye dawa ya kuizuia kuchacha, na ikibidi kulala zaidi ya mwaka, fundi aitoe pampu aihifadhi pembeni.

Kwa pikipiki ya sebuleni hakuna mjadala: petroli yote itoke, hata ile ya kwenye mpira wa koki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukatoka dirishani, unashuka na kutambaa sakafuni mpaka ukute moto: meko ya gesi jikoni, jiko la makaa la jioni, hata cheche ya swichi ya friji. Unahitaji kufika takriban asilimia 1.4 tu ya hewa ili uwake. Na tangi lililomwagwa leo ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lililojaa lina petroli, na lililomwagwa lina mvuke uliochanganyika na hewa, yaani mchanganyiko wenyewe unaolipuka. Tangi la mjomba nililivua, nikaliacha kivulini nje, kifuniko wazi, siku nne, nikilinusa kila asubuhi hadi pua ikasema hakuna.

Petroli iliyotoka usiimwage mtaroni. Jiji hili lilishaona petroli inavyofanya ikiingia mtaroni: mtaa wa Sinai, Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yaliwaka na watu zaidi ya 100 wakafa. Kama bado ni nzuri, mpe mtu wa bodaboda aiweke kwenye tangi lake siku hiyo hiyo.

Oili nayo ibadilishwe kabla ya kulala, si baada ya kuamka. Oili iliyotumika ina maji, masalia ya petroli na asidi zinazotokana na kuungua, na vitu hivyo vikikaa miaka miwili juu ya beringi na shafti vinakula chuma polepole. Ipeleke pikipiki mzunguko mmoja ipate moto, mwaga oili ikiwa bado nyepesi, weka mpya, iungurume dakika moja ili isambae. Pikipiki nyingi za bodaboda zinachukua karibu lita moja. Tumia oili ya pikipiki, si ya gari, kwa kuwa klachi yake inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Halafu kuna kazi moja ndogo ambayo wengi huiruka, nami naiona kuwa ya maana kuliko kuosha na kung'arisha. Ng'oa plagi. Kwa kijiko cha chai, mimina oili safi kijiko kimoja kwenye tundu lake. Ufunguo ukiwa umezimwa, sukuma kiki kwa mkono, polepole, mara sita au saba, ili pistoni ipake kuta za silinda. Sasa weka kidole gumba juu ya tundu la plagi na uendelee kusukuma. Utafika mahali hewa inaanza kukisukuma kidole ikitaka kutoka. Hapo pistoni inapanda na valvu zote mbili zimefunga. Ipeleke taratibu mpaka juu kabisa, uache hapo hapo, urudishe plagi. Umefunga milango yote miwili ya silinda, hewa yenye unyevu haina pa kupita. Bila hivyo, ringi zinaweza kushikana na ukuta kwa kutu, na pikipiki iliyoingia stoo ikiwa nzima inatoka ikiwa haizunguki. Hata ile ya mjomba niliifanyia hivyo. Mama alisema, "Sina mpango wa kuipanda, lakini mtoto wangu akija kuitaka?" Oili kijiko kimoja inaacha mlango huo wazi, na haiunguzi nyumba.

Betri sikumwachia dada wa kijana aihangaikie. Betri ya risasi na asidi inajimaliza yenyewe hata isipofungwa kwenye kitu. Ikijaa inasoma kama volti 12.7, ikishuka chini ya 12.4 inataka kuchajiwa; ikikaa siku nyingi karibu na 12, fuwele ngumu hujijenga juu ya bamba zake na haziondoki tena. Maana yake ni mtu mwenye kipimo na chaja, kila mwezi, kwa miezi 24. Nilimshauri ampe mwenzake wa stejini aitumie, na akirudi anunue mpya. Iliniuma kumwambia hivyo kwa kuwa alikuwa ameinunua majuzi tu, lakini betri inayofanya kazi huishi, na ile ingekufa gizani. Betri ya mjomba ilikuwa imeshakufa. Niliitoa ili asidi isije ikavuja kwenye fremu na zulia.

Ukifungua nyaya za betri, anza na ule uliofungwa kwenye bodi, ambao karibu kila pikipiki utakayokutana nayo ni wa hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, utaona cheche. Baadhi ya pikipiki za zamani za Uingereza zimefungwa kinyume, chanya kwenye bodi, kwa hiyo fuata waya wenyewe kuliko rangi. Na lile la kwamba betri ikiwekwa juu ya saruji inanyonywa na sakafu, lilitokana na betri za zamani zenye makasha ya mbao na mpira. Za plastiki za leo hazijali sakafu.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hali ya hewa yake inadanganya. Hatuna joto la chumvi la Mombasa, kwa hiyo watu hudhani chuma kiko salama. Lakini tuna mvua ndefu za Machi hadi Mei, za vuli za Oktoba hadi Desemba, na katikati ule ubaridi wa Juni na Julai. Chuma hupoa usiku, asubuhi hewa yenye unyevu inaingia, na umande unatua juu ya injini kama unavyotua juu ya majani. Kwenye stoo ya mabati ni zaidi, kwa sababu bati lenyewe hudondosha. Hewa ikizidi takriban asilimia 60 ya unyevu, kutu hukimbia.

Ndiyo maana naomba watu wasifunike pikipiki kwa nailoni wala turubai la plastiki. Unyevu ukishaingia chini yake hautoki. Shuka kuukuu la pamba linazuia vumbi na linapumua. Chini weka ubao, pikipiki isisimame juu ya saruji tupu inayopandisha unyevu. Ioshe kabla, hasa chini ya madigadi, kwa sababu ule udongo mweusi wa upande wa Embakasi na Kitengela hushika maji kama sifongo, na donge moja lililosahaulika linaweza kutoboa chuma. Usiruhusu mashine ya presha ielekezwe kwenye beringi za magurudumu. Ukimaliza kuosha, iendeshe hadi ikauke yote, kisha ndipo umwage oili na petroli.

Mkebe wa WD-40 watu wanauamini kupita kiasi. Herufi zake zinahusu kufukuza maji, na 40 ni jaribio la 40 ambalo lilifanikiwa mwaka 1953. Kufukuza maji unafanya vizuri sana, lakini hautoshi kulinda chuma kwa miaka. Nyunyiza, futa, kisha paka kitu kinachobaki. Kwa nati, kromu, mabomba ya mbele na ncha za nyaya, mafuta ya mgando ya dukani yanatosha kabisa, na hayana bei kubwa. Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na ipakwe oili nzito ya gia. Diski ya breki usiiguse kwa mafuta yoyote.

Matairi yajazwe upepo vizuri na yainuliwe yasiguse chini, la sivyo yatabonyea upande mmoja. Kreti la soda linafaa gereji kwa kazi ya dakika kumi. Kwa miaka miwili plastiki yake inapinda chini ya uzito, kwa hiyo tumia vipande vya mbao. Ziba ekzosi na mdomo wa kuvutia hewa kwa kitambaa, kwa maana panya wa Umoja hawahitaji mwaliko, na ukishaziba funga utepe mwekundu kwenye ufunguo ili mtu asije akasahau.

Pale sebuleni kuna adui mwingine, jua. Tuko karibu na ikweta na juu milimani, na kioo cha dirisha huzuia sehemu tu ya miale inayopausha rangi na kupasua mpira. Nilimwomba mama aisogeze kutoka dirishani hadi ukutani, penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja. Chini ya matairi tuliweka ubao, kwa kuwa mpira huacha madoa ya kahawia kwenye vigae ambayo hayatoki, na chini ya injini trei, kwa sababu injini ya zamani hutoa machozi ya oili wiki za kwanza.

Alitaka pia ipakwe rangi upya. Hapo nilimsihi. Kwenye tangi, pande zote mbili, rangi ilikuwa imelika hadi chuma kikaonekana, mahali magoti ya mjomba yalipokuwa yakibana. Rangi mpya unaweza kuipata Kirinyaga Road siku yoyote. Alama ya magoti yake huipati tena popote. Nilisafisha kwa kitambaa laini na maji ya sabuni kidogo, nikakausha, nikapaka nta nyembamba ya magari kwenye rangi na kwenye chuma kilichokuwa wazi. Nikamwambia vumbi alitoe kwa brashi laini, asisugue, na asiing'arishe kila wikendi, kwa sababu kila kung'arisha kunaondoa tabaka la rangi.

Karatasi pia zina lao. Bima inatakiwa kwa chombo kinachotumika barabarani, kwa hiyo kijana hakuhitaji kuilipia ikiwa stoo, ila alihitaji kuipata kabla ya kuitoa tena. Logbook, yaani hati ya umiliki, ya CG125 bado ina jina la marehemu, na kuihamisha kunahitaji hati ya mirathi kutoka mahakamani. Afadhali jambo hilo lishughulikiwe wakati wenye kumbukumbu wako hai.

Mwisho niliandika kadi, nikaifunga kwenye usukani wa kila pikipiki: tarehe, kilichomwagwa, kilichotolewa na kilipowekwa, kilichozibwa. Kwa herufi kubwa, USIPIGE KIKI. Akili ya leo haitakumbuka kitu baada ya miaka miwili.

Kijana alirudi mwaka huu. Tulisoma kadi, tukatoa vitambaa, tukaangalia matairi. Ubavuni pana tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Yake yalikuwa bado yanafaa. Tulisuuza tangi kwa petroli kidogo, tukaweka mpya na betri mpya. Klachi ilikuwa imeshikana. Tukaingiza gia, tukabana mkono wake, tukaisukuma mbele na nyuma hadi ikaachia kwa mlio mdogo. Nikang'oa plagi, nikapiga kiki mara kumi na kitambaa mbele ya tundu, kikapokea matone ya ile oili ya kijiko, bado ya rangi ya dhahabu. Nikarudisha plagi. Kiki ya nne ikashika, moshi mweupe wa oili ukajaa ua mzima, na dada yake akatoka mbio kuanua nguo.